Korosho zinalimwa Kusini, pesa yake inanunua Kariakoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala ambao wasomaji wenzangu wamekuwa wakiuendesha kwenye ukurasa huu. Wapo wanaosema watu wenye uwezo wa mikoa ya pembezoni hawana uchungu na mikoa yao, kwa kuwa pesa wanaipata huku na kwenda kuimwaga Dar es Salaam. Wapo pia wanaotugeuzia kibao sisi wenye maduka, kwamba tumelala, tunauza vitu duni kwa bei ya kukomoa, ndiyo maana tunakimbiwa. Nina duka la vyombo vya nyumbani hapa Mtwara mjini, Chikongola. Nauza magodoro, mashuka, mapazia, masufuria, majiko ya gesi, feni, friji, na mara mojamoja mashine ya kufulia. Jambo hili nalitazama kila siku kutoka nyuma ya kaunta, na naona pande zote mbili zinawaonea watu.

Kwanza tujue mwenye pesa wa Mtwara ni nani. Ni mkuu wa idara, meneja wa benki, ofisa wa bandari, mkandarasi, mhandisi wa kiwanda cha saruji cha Dangote, daktari mwenye zahanati yake, mwenye maghala na malori ya korosho, mwenye nyumba ya wageni. Wengi wako Shangani, upande wa baharini, na siku hizi wengine wanajenga kuelekea Naliendele. Ni watu wazuri, wengi tunafahamiana kwa majina ya watoto wetu. Ila ni wachache. Ukiwakusanya wote, sidhani kama watajaza mitaa michache ya Mikocheni.

Hapo ndipo mzizi ulipo. Kwa Sensa ya 2022, mkoa wetu una watu 1,634,947 na Dar es Salaam ina watu 5,383,728. Kwa idadi ya watu, Dar inatuzidi mara tatu na kidogo. Kwa pesa inatuzidi kwa mbali zaidi ya hapo. Dar peke yake inachangia karibu asilimia 17 ya pato la Tanzania Bara. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya Watanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na Dar es Salaam ni asilimia 8 tu. Maana yake ni kwamba mwenye duka la Dar anapofungua mlango asubuhi, karibu kila anayepita mbele yake ana uwezo wa kununua kitu. Mimi nikifungua mlango, wanaopita wengi wanatafuta sufuria ya elfu tano, na wananiomba nipunguze.

Niwaeleze habari ya mashine moja, wasomaji waone hesabu inavyokwenda.

Nilileta mashine ya kufulia ya kilo saba, ile ya mlango wa mbele. Kariakoo niliinunua shilingi 780,000. Lori lilinitoza 35,000 kuifikisha Mtwara, kuishusha na guta la kuileta dukani 10,000. Kwa hiyo kabla sijalipa pango, umeme wala kijana wa dukani, imeshanisimamia 825,000. Nikaiandika 950,000. Akaja mama mmoja wa Shangani, mteja wangu wa siku nyingi wa mashuka. Akafungua mlango wa mashine, akaingiza mkono kwenye pipa lake la chuma akalizungusha taratibu, akauliza inakula maji kiasi gani na kama inahimili umeme wetu unaopanda na kushuka. Nikamjibu. Akazunguka nyuma, akakipiga picha kwa simu kile kibandiko chenye namba ya modeli. Akasema, "Sawa dada, ngoja nikazungumze na baba watoto."

Mwezi uliofuata mumewe alikuwa na kikao Dar. Akarudi na mashine ileile nyuma ya gari, kaipata kwa 800,000. Nililijua hilo kwa sababu yule mama alikuja mwenyewe dukani kutafuta mpira wa kuunganishia maji, na sisi hatufichani. Nikamuuzia mpira. Sikumlaumu wala simlaumu leo. Laki moja na nusu ni ada ya mtoto, ni mifuko ya saruji, nani ataiacha hivihivi?

Sasa tazama upande wa pili. Yule wa Kariakoo aliyeuza kwa 800,000 huenda alipata faida ya elfu ishirini kwa mashine moja. Lakini anazitoa kwa wingi kila wiki, na aliyemletea alimpa mzigo kwa mkopo, atalipa akishauza. Mimi jumla hainikopeshi. Naambiwa nilipe taslimu, maana anayechukua mashine moja au mbili hana uzito wowote kwenye daftari la mwenye jumla. Mashine yangu ikalala. Tukaipangusa vumbi, tukaisogeza nyuma, tukaweka ndoo juu yake. Mwishowe mwenye nyumba ya wageni alinipa 850,000, nami nikashukuru. Kwa pesa ileile ningezungusha masufuria, vikaango na chupa za chai kwa miezi yote ile, kila mwisho wa wiki narudisha na faida kidogo.

Mtu akiumia hivyo mara chache anajifunza. Nami nimejifunza kuleta kinachotoka: mashuka ya polista, magodoro ya inchi nne na sita, majiko ya sahani mbili, feni za bei ya chini. Mama wa Shangani akiingia anaona hivyo tu, anaamini Mtwara hakuna kitu, safari nyingine hapiti tena. Na kwa kuwa hapiti tena, nami sina sababu ya kuleta alichokuwa anakitaka. Ukituuliza kila mmoja, sote wawili tuna haki, na duka linazidi kuwa la watu wa hali ya chini peke yao.

Kuna jambo jingine ambalo silisikii likisemwa. Safari ya Dar haimgharimu mwenye pesa. Anakwenda kwa kikao, kwa semina, kwa mzigo wa kampuni, kumwona mtoto anayesoma, kumpeleka mzee hospitali. Nauli au mafuta yamelipwa na mwajiri, posho ipo mfukoni, na jioni baada ya kikao hana la kufanya. Anaingia Mlimani City au anashuka Kariakoo. Mwalimu wa shule ya msingi akitaka bei ya Kariakoo lazima alipe nauli yake mwenyewe, kilomita zaidi ya 550 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na alale kwa ndugu. Kwa hiyo bei ya chini anaipata mwenye uwezo, na bei ya juu anailipa asiye nao. Hilo linaniuma kuliko mauzo yangu yaliyopotea.

Siku hizi hata kusafiri si lazima. Vijana wenye mishahara mizuri wananunua kwa Instagram kwa wauzaji wa Sinza na Kariakoo, wanalipa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi, jioni wanaufuata stendi. Nikisimama mlangoni kwangu naona bodaboda zikipita na maboksi ya vitu ambavyo hata mimi ninavyo dukani.

Wazee wa hapa watakumbuka haikuwa hivi siku zote. Baba mkwe wangu alifungua duka wakati kuvuka Rufiji ni kwa pantoni pale Ndundu. Masika ikianza, magari yalikwama siku nyingi njiani, na abiria walishuka kusukuma. Mwenye pesa wa Mtwara wa enzi hizo alinunua Mtwara kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Mzee alikuwa haachi kuwa na cherehani mbili tatu dukani, redio kubwa, baiskeli, vitenge vya daraja la kwanza, na vyote vilipata wenyewe. Daraja la Mkapa likafunguliwa 2003. Kipande kibovu cha Ndundu hadi Somanga kikachukua miaka mingine mingi hadi lami ikakamilika. Leo basi linaondoka alfajiri na jioni uko Dar. Mzee alikuwa akisema kila lami iliposogea mbele, mteja wake mmoja mkubwa alipotea.

Mimi siilaumu barabara. Barabara ileile ilitushushia bei ya sukari, sabuni na mabati, ikawaokoa akina mama wajawazito waliokuwa wakifia njiani. Nikiitaja naitaja kwa kuwa inaonyesha jambo lilivyo: ukiunganisha mahali penye pesa nyingi na mahali penye pesa chache, mwenye nacho wa huku ndiye wa kwanza kupanda gari. Asiye nacho anabaki na duka lililobaki.

Tulilishuhudia hilo kwa kinyume mwaka 2024. Mwanzoni mwa Mei, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga, wilaya ya Kilwa, na kwa siku kadhaa hakuna gari la Mtwara lililofika Dar wala la Dar lililofika Mtwara kwa barabara hiyo. Siku zile nilipokea wageni dukani kwangu ambao nilikuwa nawaona kwenye magari tu. Mke wa meneja mmoja alishika shuka la pamba, akalinusa, akaligeuza upindo, akaniuliza, "Kumbe hizi zipo hapa?" Zilikuwepo. Zilikuwa zimekaa kwenye rafu ya juu tangu mwaka uliotangulia, kwa sababu anayeweza kulipa 120,000 kwa shuka na foronya zake hakuwa anainua macho hadi kwenye rafu hiyo. Akachukua mawili. Akamtuma na jirani yake. Nikauza blenda, nikauza seti ya sahani za udongo, nikauza godoro la inchi kumi ambalo nilikuwa nimekata tamaa nalo.

Halafu bidhaa zikaisha, na mzigo wangu mpya ulikuwa umekwama upande wa pili wa Somanga. Nikawa nawaona wateja wanaingia na siwezi kuwapa kitu. Barabara ikafunguliwa, mzigo ukafika, na wao wakarudi kwenye safari zao. Yule mke wa meneja alibaki, anapita hadi leo, lakini wengi hawakubaki. Kitu nilichokishika pale ni kwamba baadhi yao walikuwa hawajui tulicho nacho, na kutojua huko kuna sehemu yetu sisi wenye maduka.

Nisije nikaonekana nalilia Mtwara kana kwamba ni sisi tu tunaokimbiwa. Hii ni ngazi, na kila mtu anapanda kipago kimoja juu ya pale alipo. Mkulima mkubwa wa Tandahimba au Newala akishalipwa korosho zake haendi kwa muuza duka wa kijijini kwake. Anakodi Noah na wenzake wanakuja Masasi au hapa mjini. Oktoba hadi Desemba, minada ikichangamka, duka langu linajaa watu hao. Msimu wa 2024 bei mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na mimi niliuza magodoro ya inchi nane hadi stoo ikabaki tupu. Muuza duka wa Tandahimba ananitazama mimi kama ninavyomtazama mtu wa Kariakoo. Mwenye nacho wa Bukoba anavuka Mutukula kwenda kununua Kampala, wa Arusha anapita Namanga kwenda Nairobi, wa Unguja anapanda ndege kwenda Dubai. Na mtu wa Masaki mwenyewe, anayeonekana kwetu kama ndiye kilele, ananunua Dubai na Guangzhou.

Tofauti ni kwamba pesa ya Tandahimba ikifika kwangu, wiki hiyohiyo naituma Dar kulipia mzigo. Kinachobaki Mtwara ni pango, mshahara wa kijana mmoja, na chakula cha wanangu. Korosho yenyewe nayo, nyingi inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, na mshahara wa kuibangua unalipwa hukohuko. Kama ingebanguliwa hapa, akina mama mia kadhaa wa kiwanda kimoja wangekuwa na mshahara Machi, Juni na Agosti, miezi ambayo mimi nakaa dukani nahesabu nzi. Ndiyo maana naifuatilia kwa hamu kongani ya viwanda, yaani eneo la viwanda vya kubangua korosho, inayojengwa Maranje hapa mkoani. Mshahara mdogo unaokuja kila mwezi unalijenga duka kuliko pesa nyingi ya miezi mitatu, kwa kuwa unaniwezesha kujua nilete nini na lini.

Tulishawahi kudanganyika na pesa ya ghafla. Miaka ile ya gesi, kabla na baada ya vurugu za 2013 za kupinga bomba la gesi kwenda Dar, kodi za nyumba Shangani zilipanda, hoteli zikaota, na wafanyabiashara wenzangu wakakopa wakingoja wanunuzi wakubwa. Wageni wale wa kampuni za gesi walikuja kwa miezi, wakaondoka. Bomba likaenda Dar. Walioongeza mzigo kwa kutegemea mishahara yao walibaki na madeni.

Kwa wanaosema wenye maduka wa mikoani ni wavivu, nawaomba wakumbuke yaliyotokea kwenye miji mikubwa yenyewe. Shoprite ya Afrika Kusini ilikuwa Dar na Arusha, ikauza maduka yake kwa Nakumatt mwaka 2014. Uchumi ya Kenya ilifunga maduka yake ya Tanzania 2015. Nakumatt nayo, iliyokuwa imefika hadi Moshi, ikaanguka miaka michache baadaye. Hizo zilikuwa kampuni zenye mameneja waliosoma, mikopo ya benki na malori yao wenyewe, na zilikaa mahali penye wanunuzi wengi kuliko pengine popote nchini. Hakuna hata moja iliyowahi kuja kufungua Mtwara. Kama wao hawakuthubutu kuweka rafu zao hapa, mimi mwenye chumba kimoja na nusu nitathubutu kwa nguvu ipi?

Sasa niseme kwa nini jambo hili si la wenye maduka peke yetu.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuja mwalimu mmoja wa sekondari kutafuta friji ndogo, ya aina ile inayotumia umeme kidogo. Alikuwa amejiwekea pesa yake, anataka mkewe auze barafu na juisi. Sikuwa nayo. Nilikuwa na ya kawaida, ambayo najua fika itamlia luku hadi faida ya barafu yote iishe. Nikamwambia ukweli. Nikampigia mwenye jumla Kariakoo mbele yake, akasema friji ile moja ananipa kwa bei ya rejareja, labda nichukue sita. Kama watu kumi wa Shangani walionunua friji za aina hiyo Dar mwaka uliopita wangezinunua kupitia kwangu au kwa jirani yangu, huyu mwalimu angekuta ya kwake imesimama dukani kwa bei ya kueleweka. Alichukua ile ya kawaida, kwa sababu hawezi kufunga darasa akasafiri.

Nilikuwa na fundi wa friji na mashine hapa jirani, kijana hodari kweli, mikono yake mepesi. Kazi zilikuwa haba. Aliyenunua Dar ana waranti ya Dar, kikiharibika anakifunga kwenye basi kinarudi kilikotoka, au kinakaa tu kona ya jiko kikifunikwa kitambaa. Kijana akangoja, akachoka, akahamia Tandika. Leo mtu wa Shangani mwenye friji ya milango miwili iliyokufa ananijia kuniuliza, "Mama, hakuna fundi wa kuaminika hapa mjini?" Namwambia alikuwepo.

Halmashauri yetu nayo inakosa. Ushuru wa huduma unatozwa kwenye mauzo, na mauzo yakifanyika Kariakoo ushuru unabaki kwenye jiji la watu wengine. Soko letu, taa zetu za barabarani na mitaro ya Chikongola inayofurika kila masika vinategemea mauzo ya hapa.

Nimekaa nikafikiri nini kinawezekana bila kumlazimisha mtu, maana hakuna sheria itakayomzuia mzazi kununua mahali penye nafuu, na isitungwe.

Lipo jambo moja ambalo liko mbele ya macho yetu kila mwaka. Serikali imeelekeza korosho za Kusini zipite Bandari ya Mtwara, na gati lilipanuliwa. Meli zinaleta makontena matupu kuja kubeba korosho. Matupu! Kontena tupu linakula nafasi kwenye meli kama lililojaa, na mwenye meli analibeba bila kulipwa chochote kwa safari ya kuja. Wakati huohuo, friji na magodoro yangu yanashushwa Dar, yanapita kwa mawakala na wenye jumla wawili watatu, yanapakiwa kwenye lori na kurudi Kusini kwa barabara. Hakuna mfanyabiashara mmoja wa Mtwara mwenye uwezo wa kujaza kontena la futi 40 la vyombo vya nyumbani. Lakini tuko wenye maduka wa Chikongola, wa Soko Kuu, wa Masasi, wa Lindi na Nachingwea. Tukichanga kumi, kontena linajaa, na mzigo unashuka kilomita chache kutoka dukani.

Nimelizungumza hili na wenzangu na nimeona linapokwama. Tunaogopana. Kila mmoja anadhani mwenzake atajua bei yake ya kununulia. Na kila mmoja anauliza swali lilelile: tukileta vitu vya daraja la juu, nani atavinunua? Hofu hiyo naielewa, nimeshaipata kwa ile mashine yangu. Ndiyo maana nasema kontena lisianze na wenye maduka, lianze na wanunuzi.

Wapo wanunuzi wakubwa hapa ambao mahitaji yao yanajulikana mapema. Kampuni zinazopangisha nyumba za wafanyakazi zinanunua friji, vitanda na majiko kila mwaka. Hoteli na nyumba za wageni zinabadilisha mashuka na magodoro. Vyuo na shule za bweni zinanunua magodoro kwa mamia. Hospitali binafsi zinanunua mashine za kufulia. Mameneja wao ndio haohao wa Shangani. Ninawaomba, kabla ya kutuma mtu Kariakoo, watupe orodha: tunahitaji kitu gani, cha ubora gani, vingapi, mwezi gani, na bei tuliyoipata Dar ni hii. Tukishindwa kuifikia bei hiyo pamoja na usafiri wake, wanunue Dar kwa amani. Lakini watuulize. Oda ya hoteli moja na chuo kimoja inatosha kuwa nusu ya kontena, na nusu iliyobaki ndiyo itakayobeba friji ya mwalimu na shuka la mama wa Shangani kwa bei itakayomfanya asitamani kuvifuata Dar.

Chemba ya wafanyabiashara, TCCIA, ina ofisi mkoani, na Jumuiya ya Wafanyabiashara ina viongozi hapa. Hao wanaweza kutuitisha meza moja na wakala wa meli na watu wa forodha, tuambiwe waziwazi gharama ya kuleta kontena lililojaa badala ya tupu, na mzigo wa watu kumi unakadiriwa vipi kodi bila kuchanganywa. Mkuu wa mkoa akiketi kwenye meza hiyo kwa saa moja atakuwa ametusaidia kuliko semina nyingi za ujasiriamali tulizohudhuria.

Na wenzangu wenye maduka, nasi tuna letu la kufanya kesho asubuhi. Tupige picha za vitu vizuri tulivyo navyo, tuweke na bei yake, tusimwambie mteja "njoo inboksi". Tumpe mteja waranti ya maandishi tunayoiheshimu hata ikituuma. Mtu aliyenunua kwetu friji ikafa baada ya wiki mbili akazungushwa, hasahau, na ana haki ya kwenda Dar maisha yake yote.

Minada inaanza Oktoba. Makontena yatatangulia kuingia bandarini. Mimi niko tayari kuweka shilingi milioni sita kama fungu langu katika kontena la kwanza, na mpaka naandika barua hii nimepata wenzangu watatu wa Soko Kuu na mmoja wa Masasi waliokubali kwa mdomo. Hoteli, chuo au kampuni yenye oda, na mwenye duka yeyote wa Mtwara, Lindi au Ruvuma anayetaka kuingia, awasiliane nami kupitia kwako Mhariri. Jina langu kamili na namba ya simu nimeviacha ofisini kwenu. Tungependa tuwe tumekaa kabla ya mwisho wa Julai, maana mzigo wa China unahitaji muda baharini.

Mfanyabiashara wa vyombo vya nyumbani,
Chikongola, Mtwara